Chardonnay, Chenin Blanc au Viognier: chupa ipi ikae na chungu cha tui?

"Mvinyo gani unafaa samaki?" Ndilo swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoalika wageni Nyali, Bamburi au Shanzu, na ni swali lisilojibika. Samaki wa Mombasa haliwi mtupu. Changu aliyechomwa kwa chumvi na ndimu ni chakula kimoja. Changu huyo huyo akipakwa tui zito lenye ukwaju na kitunguu thomu ni chakula kingine kabisa, na chupa iliyomfaa wa kwanza inaweza kumharibu wa pili. Kwa hiyo hapa silinganishi mvinyo na samaki. Nalinganisha mvinyo na rojo.

Nimechukua aina tatu za mvinyo mweupe mzito: Chardonnay iliyokaa kwenye pipa, Chenin Blanc ya pipa kutoka Afrika Kusini, na Viognier. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: ukinunua chupa moja tu kwa meza yenye vyakula mchanganyiko vya Pwani, nunua Chenin. Chardonnay ina siku zake, na siku hizo hakuna inayoikaribia. Viognier ina chakula kimoja inachokipenda na vingi inavyogombana navyo, basi usiichukue kwa kubahatisha.

Mzito kwa maana gani

Mvinyo mwepesi, kama Sauvignon Blanc nyingi, unapita mdomoni kama maji ya dafu. Mzito unapita kama tui jepesi: unakawia kidogo juu ya ulimi kabla ya kushuka. Uzito huo haumaanishi utamu, maana zote tatu hapa kwa kawaida hutengenezwa bila kubakizwa sukari ya kuonjeka.

Unatoka wapi, basi? Kwanza jua. Zabibu ikiiva sana hujaa sukari, hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi, na mvinyo ukifika asilimia 13.5 au 14.5 kilevi chenyewe huupa unene. Kisha kuna mashapo. Hamira iliyokufa ikiachwa chini ya pipa na kukorogwa mara kwa mara, mvinyo huwa laini. Halafu kuna kazi ya bakteria, ambayo wengi hawaijui ingawa ndiyo inayoleta ile ladha ya siagi: bakteria hao huigeuza asidi kali, ile ya tofaa bichi, kuwa asidi pole ya maziwa, na katika kazi hiyo huzaa kiungo kinachonukia siagi waziwazi. Chardonnay ya pipa kwa kawaida hupitishwa humo. Chenin mara nyingi huzuiwa, ibaki na uchachu wake. Tofauti hiyo ishike akilini, kwa sababu itaamua mambo mengi tukifika kwenye ukwaju.

Chardonnay: nazi iliyomo ndani ya mbao

Asili yake ni Burgundy, Ufaransa, ambako vijiji kama Meursault na Puligny-Montrachet vimeijengea sifa tangu zamani. Si lazima mfuko wako uende mpaka huko. Tarehe 24 Mei 1976 waonjaji Wafaransa walikaa Paris wakaonja bila kuona lebo, na Chardonnay ya mwaka 1973 ya kiwanda cha Chateau Montelena, California, ikazitangulia za Burgundy. Siku hizi Stellenbosch na Robertson za Afrika Kusini hutoa chupa nzuri, na hizo ndizo zinazotufikia kwa bei ya kueleweka.

Mtego wake ni kwamba jina la zabibu peke yake halitoshi. Chablis, mvinyo wa eneo la jina hilo kaskazini mwa Burgundy, nayo ni Chardonnay, lakini nyingi zake hazigusi pipa jipya, basi huwa nyembamba na chachu. Ni nzuri mno kwa chaza wabichi, ila si mvinyo tunaoutafuta hapa. Ukiona lebo imeandikwa "unoaked" au "unwooded", ujue haikukaa kwenye mbao. Soma nyuma ya chupa utafute habari za pipa.

Na pipa lenyewe lina siri inayotuhusu sisi watu wa minazi. Mbao za mwaloni zina kiungo cha asili kinachonukia nazi, na mwaloni wa Marekani unacho kwa wingi kuliko ule wa Ufaransa. Chardonnay iliyokaa kwenye mwaloni wa Marekani ukiinusa kabla haijapoa sana, utadhani kuna mtu anakuna nazi chumba cha pili. Kwa mpishi wa Pwani hilo ni neema, kwani harufu iliyo kwenye glasi inakutana na harufu iliyo kwenye sahani bila kusukumana.

Chenin Blanc: mchachu wa Kusini

Hii nayo ni ya Ufaransa kwa kuzaliwa, bonde la mto Loire, lakini nyumba yake kubwa ni Afrika Kusini. Huko hakuna zabibu ya mvinyo iliyopandwa eneo kubwa kuliko Chenin, na Afrika Kusini inayo nyingi kuliko Ufaransa yenyewe. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa nchi hiyo, ulikamuliwa 2 Februari 1659, enzi za Jan van Riebeeck, mkuu wa makazi ya Waholanzi huko, na kwa miaka mingi Chenin iliitwa Steen na kutumiwa zaidi kwa mvinyo wa bei nafuu na kwa brandi. Heshima imekuja baadaye, watengenezaji walipoigeukia mizabibu mikongwe ya Swartland na Stellenbosch na kuichachusha zabibu yake ndani ya pipa.

Sasa zipo Chenin mbili dukani, na hazifanani. Ya bei ya chini hunukia pera na tofaa, ni nyepesi, ni ya kunywa alasiri. Ya pipa ina rangi ya majani makavu, harufu ya asali na embe lililoanza kuiva, na unene wa kutosha kukaa na tui. Alama ya kutafuta ni nembo ya Old Vine Project, mradi wa Afrika Kusini wa kulinda mizabibu mikongwe, shingoni mwa chupa: inatolewa kwa mizabibu ya miaka 35 au zaidi, na inaonyesha mwaka ilipopandwa. Si kila Chenin nzuri ina nembo hiyo, lakini yenye nembo ni nadra kukuangusha.

Kinachoipa Chenin ushindi kwa meza zetu ni kwamba hata ikiivia kwenye jua kali haipotezi uchachu. Ndiyo maana inalimwa hata Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Chupa za Dodoma nyingi ni nyepesi, kwa hiyo siziingizi kwenye ulinganisho huu, lakini mtu wa Mombasa aendaye Tanzania na azionje.

Viognier: manukato

Kwao ni Condrieu, kaskazini mwa bonde la mto Rhône, Ufaransa, na miaka ya 1960 ilikaribia kupotea kabisa duniani, ikabaki kwenye vishamba vya milimani tu. Ilipofufuka ilienea California, Australia na Afrika Kusini. Inanukia maua na aprikoti, mtu wa Pwani anaweza kuiwaza asmini. Ina kilevi kingi na uchachu kidogo. Chupa ya Condrieu ni ghali; ya Afrika Kusini ni afadhali. Ikikosewa kidogo tu mdomoni huwa kama mafuta yenye harufu nzuri.

Samaki wa kupaka ndiye mtihani

Nitakaa hapa zaidi kwa sababu kama chupa imemshinda samaki wa kupaka, Mombasa haina kazi.

Tazama anavyoandaliwa. Samaki, awe changu, tafi au kolekole, anachanjwa, anapakwa ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, kisha anawekwa juu ya makaa. Pembeni tui zito linapikwa na bizari hadi lishike, linatiwa ukwaju au ndimu, halafu linapakwa juu ya samaki tena na tena huku moto ukiendelea, mpaka lionekane limeganda na kuungua kidogo pembeni. Kwa hiyo mdomoni una mambo matatu kwa pamoja: moshi, mafuta ya nazi na uchachu. Pilipili hutegemea nyumba.

Chardonnay ya pipa inashika mawili ya kwanza barabara. Moshi wa makaa unaitika kwa mbao zilizochomwa ndani ya pipa, na mafuta ya tui yanakutana na ladha ya siagi. Mpishi akiwa na mkono mwepesi kwa ukwaju, sijui mvinyo mwingine unaoweza kufika hapo. Lakini akiwa ni yule wa kumimina ukwaju bila kipimo, Chardonnay inaanguka. Kanuni yake si ngumu: chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unachujuka, unabaki kama maji yenye mbao. Chardonnay uchachu wake ulishapunguzwa na wale bakteria, haina silaha.

Chenin hapo inaingia na kupumua. Uchachu wake unalingana na wa ukwaju, kisha unayakata mafuta ya tui hivi kwamba kila tonge linakuja kama la kwanza. Moshi inaupokea kidogo tu, hilo nakiri. Haiufurahii kama Chardonnay. Viognier kwa samaki wa kupaka ni ya kuepuka. Mafuta juu ya mafuta, manukato juu ya bizari, na hakuna cha kukata.

Basi onja rojo kabla hujazibua chupa. Na jambo moja ambalo wenyeji hulisahau: vile vipande vya ndimu vinavyopangwa kando ya sahani. Kila mgeni atakamua, na kila mmoja kwa kipimo chake. Ukiwa na Chardonnay mezani, ondoa ndimu na utie uchachu unaoutaka mwenyewe jikoni. Ukiwa na Chenin, acha wakamue.

Kuku wa kupaka anafuata sheria hizo hizo, ila nyama yake ni nzito zaidi, kwa hiyo Chardonnay inapata nafasi kubwa kidogo.

Kamba, kambakoche na kaa

Kambakoche aliyepasuliwa katikati, akachomwa kwa siagi na thomu, ni wa Chardonnay. Hapa sina mjadala. Nyama yake ina utamu wake, siagi ipo, makaa yapo, na pilipili mara nyingi haipo. Ukiwa na chupa ya Burgundy uliyoletewa zawadi, hii ndiyo siku ya kuitoa.

Kamba wadogo wa siagi na thomu, vivyo hivyo. Kamba wa nazi, Chardonnay au Chenin, chochote ulicho nacho. Kamba wa masala, waliopikwa kwa nyanya na pilipili, wampate Chenin, kwa sababu nyanya ni chachu na mbao haziipendi. Kaa wa pilipili anayeliwa kwa mikono miwili na jasho usoni hahitaji mvinyo wowote mzito. Mpe kitu baridi chenye gesi, mkono wenyewe hauwezi kushika glasi.

Biriani si pilau

Watu huviweka pamoja, na kwa mvinyo ni kosa. Biriani ya Mombasa ina masala mazito ya mtindi, nyanya na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu, na wali wake una iliki na zafarani. Ni chakula cha harufu. Hapa ndipo Viognier inapolipa gharama yake: iliki na aprikoti vinaelewana, utamu wa vitunguu unaufanya mvinyo uonekane una tunda zaidi, na unene wake hauzidiwi na masala. Biriani ya kuku iwe ya kwanza. Ya mbuzi inawezekana, lakini nyama ikiwa na mafuta mengi utatamani uchachu wa Chenin. Sharti ni pilipili iwe kiasi, na kachumbari yenye limau ikae mbali na mnywaji wa Viognier.

Pilau ni kavu zaidi, ina jira, pilipili manga, karafuu na mdalasini, na rangi yake inatoka kwa vitunguu vilivyounguzwa kidogo. Viognier inapotelea humo. Chardonnay ya pipa inaenda vizuri na pilau ya kuku, kwa ule ladha wa kuungua. Pilau ya ng'ombe, kusema kweli, inaomba mvinyo mwekundu, na mishkaki ya ng'ombe pia. Mvinyo mweupe usilazimishwe kila mahali.

Vyakula vya nazi visivyo na nyama, yaani mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, kunde na wali wake, ni vya Chenin moja kwa moja. Mbaazi zina unga unaofunika ulimi, na uchachu ndio unaousafisha.

Pilipili

Kilevi huuchochea mwasho wa pilipili kwa njia ya kimwili, si kwa dhana: kiungo cha pilipili na kilevi vyote huamsha hisia ile ile ya kuungua mdomoni. Mvinyo wa asilimia 14.5 juu ya pilipili mbuzi ni kumwagia moto mafuta. Kwa hiyo aina zote tatu zina mipaka hapa, Viognier ikiwa ya kwanza kushindwa na Chenin ya mwisho. Tui linasaidia, maana kiungo hicho huyeyuka kwenye mafuta. Ndiyo sababu mchuzi wa nazi wenye pilipili tatu unawasha kidogo kuliko mchuzi wa nyanya wenye mbili. Kwa mezani, tenga pilipili ya kukaanga kwenye kibakuli chake na achari ya embe kwenye kingine, kila mtu ajihesabie. Kwa viazi vya rojo na bhajia zenye chatne kali, sahau mvinyo mzito, tafuta mwepesi wenye utamu kidogo.

Joto la Mombasa

Vitabu husema mvinyo mweupe mzito unywewe kwenye digrii 10 hadi 13, si baridi kabisa, kwa sababu ukiganda harufu hulala na mbao hubaki peke yake. Vitabu hivyo havikuandikiwa barazani mwetu mwezi wa Februari, ambako alasiri hupita digrii 30. Glasi ikijazwa hapa, baada ya muda mfupi ni supu. Toa chupa kwenye friji ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, mimina kidogo kidogo, theluthi ya glasi, na urudishe chupa kwenye ndoo yenye barafu na maji. Maji ni muhimu: barafu tupu huigusa chupa mahali pachache, maji huizunguka yote, na konzi ya chumvi huongeza ubaridi. Chenin huvumilia baridi zaidi kuliko wenzake. Viognier ndiyo ngumu hapa: ikiwa baridi sana hainukii, ikipata joto kidogo kilevi kinakurukia puani. Kwa chakula cha nje wakati wa kaskazi nisingeinunua.

Dukani, usichukue chupa iliyosimama dirishani penye jua, hata kama imepunguzwa bei. Tazama pia mwaka wa mavuno. Chenin au Chardonnay ya pipa ya maana inaweza kukaa miaka kadhaa, lakini Viognier hupendeza ikiwa changa, na nyumba zetu za joto huzeesha kila chupa kabla ya wakati wake.

Nani yuko mezani

Mombasa ni mji ambao nusu ya meza huenda isiguse pombe, na wapishi bora wa vyakula hivi wengi hawaigusi kabisa. Mikahawa mingi ya Mji wa Kale haiuzi kileo. Usiingie na chupa yako mfukoni ukaomba glasi. Nyumbani, usitie mvinyo ndani ya chungu kinacholiwa na wote, hata kijiko, na usimwombe dada au mama anayekupikia akuzibulie. Wasiokunywa wapewe kinywaji kilichofikiriwa, si soda ya chupa ya plastiki: juisi ya ukwaju iliyochujwa vizuri ina uchachu unaoifanyia samaki wa kupaka kazi ile ile ninayoisifia Chenin, na maji ya dafu yanakaa vizuri na kambakoche.

Nikiwa na wageni sita, chakula ni kambakoche wa kuanzia, kisha samaki wa kupaka na wali wa nazi, nanunua Chardonnay moja na Chenin mbili. Pakiwa na biriani ya kuku jioni ya ndani penye feni au kiyoyozi, nabadilisha Chenin moja iwe Viognier. Zikibaki, zifunikwe na zirudi kwenye friji usiku ule ule: Chenin na Chardonnay zitafaa siku mbili tatu, Viognier imalizwe kesho yake kwa kiporo cha biriani.